Mashine ya CPAP ninayo, mbona msono umerudi?

"Assalaam alaykum daktari. Mimi mwanamme wa miaka 51, naishi Wete, Pemba. Mwaka jana nilikwenda India kwa matibabu mengine, huko wakanipima usingizi wakasema pumzi inanikatika mara 38 kwa saa, nikaambiwa nivae CPAP, ile mashine ya kupuliza hewa puani usiku. Shemegi yangu yuko Muscat akanipatia moja, imetumika kidogo lakini nzima, maski yake mpya ya pua. Naivaa tangu Januari. Miezi miwili ya mwanzo kimya, mke wangu akawa anaamka kuangalia kama nipo hai. Sasa tokea masika yaanze msono umerudi tena mkubwa, yeye kahamia chumba cha watoto. Mikanda nimeikaza mpaka nina alama usoni. Mashine inajipandisha presha yenyewe 4 mpaka 20, na inaanza polepole dakika 45. Asubuhi mdomo mkavu kama nimelamba unga. Ndevu nimefuga Ramadhani hii, sijui kama inahusu. Jirani ananambia oksijeni ya ndani imekwisha. Niongeze presha mwenyewe au niirudishe tu Muscat?"

Waalaykum salaam warahmatullah kaka yangu. Pole, na bi mkubwa naye pole, maana kulala chumba cha watoto na miguu ya watoto si jambo dogo.

Nikikusoma naona una khofu mbili, moja mashine imekufa, ya pili ni kwamba umerudi kule kule kwenye 38 na hujui. Sasa kabla ya yote kuna neno umeliandika kwa kupita tu na mimi ndo nimeligandia: miezi miwili ya mwanzo kimya. Hilo kubwa sana. Mtu ambae mashine haijamnyamazisha hata siku moja, huyo tunatafuta kosa la mwanzo, labda ilipangwa vibaya, labda maski si yake. Wewe ilifanya kazi halafu ikaacha, kwahio suali letu ni moja tu, nini kimebadilika baina ya Januari na sasa. Na majibu mengi umeyaandika mwenyewe bila kujijua.

Lakini kwanza tumtoe jirani. Mwambie ndani ya mashine hamna gesi ya kuisha. Mle mna feni ndogo yenye nguvu, inavuta hewa ile ile ya chumbani kwako kupitia filta, inaisukuma kwenye paipu, basi. Oksijeni unayopata ni ile ile anayoipata yeye jirani kibarazani kwake. Alietengeneza kitu hiki, Colin Sullivan wa Sydney kule Australia, alichapisha kazi yake mwaka 1981 na vifaa vyake vya mwanzo viliendeshwa na mota ya namna ya zile mashine za kufyonza vumbi. Kwahio ni upepo, si dawa.

Upepo wa kufanya nini? Wewe mtu wa Pemba utanielewa haraka. Tanga la ngalawa likijaa upepo linatulia, kimya. Upepo ukipungua kidogo linaanza kupigapiga, pa pa pa pa, na ukikata kabisa linaanguka kwenye mlingoti. Koo lako ukilala ni hivo hivo, nyama za kaakaa laini, kimio na mzizi wa ulimi zinalegea, hewa ikipita mahali pembamba zinapigapiga, hiyo ndo misono anayoisikia mama watoto. Zikianguka kabisa na njia ikafunga sekunde 10 au zaidi tunasema pumzi imekatika. Mashine kazi yake kulijaza tanga. Kwahio ukikoroma na maski usoni maana yake upepo unaofika kooni haujatosha kulijaza, sikusema mashine haitoi, nasema haufiki. Inawezekana inatoa kidogo, inawezekana inatoa wa kutosha lakini tanga limetoboka njiani. Kwako wewe nnadhani limetoboka, na pengine yote mawili.

Kabla hujagusa kitu, tuhakikishe kwanza hicho anachokisikia ni msono kweli. Mara nyingi mtu ananambia bado nakoroma, ukisikiliza rikodi unakuta vitu vyengine. Kuna mlio wa filimbi au wa kama kuchanika kitambaa, hiyo ni maski inavuja. Kuna puh, puh, midomo inafunguka kwa upepo, hiyo hewa imeingia puani ikatokea mdomoni. Na kuna ule wa kugurugurika kama buruma la tumbaku, huo ni maji, hewa yenye mvuke inapita kwenye paipu baridi inageuka maji, khasa ukilala na AC usiku, na masika unyevu wenyewe ndo huo. Dawa yake ni kupunguza mvuke kwenye kitanki cha maji cha mashine na kuivesha paipu kitambaa, na mashine ikae chini kuliko kichwa chako maji yarudi kwenyewe. Msono wa kweli ni ule mzito unaotoka kooni, na wa khatari ni ule unaopanda, unakata ghafla, kimya, halafu mtu anashtuka kama anazama. Weka simu irikodi usiku mzima karibu na mto. Halafu mwombe mke wako akisikia sauti aibonyeze maski kidogo kwa kidole, sauti ikibadilika au ikikata, kosa liko kwenye maski. Isipobadilika kosa liko mbele zaidi.

Haya sasa ndevu. Inahusu, tena sana! Ule mpira wa silikoni wa maski unafunga kwa kulala juu ya ngozi, ukiweka nywele katikati umetia vijia mia vya hewa. Maski yako ni ya pua, inakaa juu ya mdomo wa juu, kwahio tatizo khasa ni masharubu na kile kipande cha chini ya pua, ndevu za kidevuni hazina makosa. Sikwambii unyoe, lakini masharubu yapunguze mpaka karibu na ngozi, na kuyapunguza nadhani hakuna shekhe atakaekugombeza. Ukiona huwezi, ipo maski nyengine ya vijipira viwili vinavoingia kwenye tundu za pua tu, haijali nywele sana. Ile kubwa ya kufunika pua na mdomo ndo usiikimbilie na ndevu zako hizo, maana inataka kukaa mpaka kidevuni na itakuvujia pande zote.

La pili, mpira wenyewe. Umeuvaa kila usiku miezi minne, silikoni ile inakula mafuta ya uso inalainika, inapoteza umbo, ukiishika utaona imekuwa kama inateleza au imekunjika. Kwa kawaida kimpira hicho hubadilishwa kila baada ya miezi michache, maski nzima si lazima. Najua hapa kwetu havipatikani kila duka na mtu anangoja ndugu aje kutoka Muscat au Dubai, basi mwambie shemegi akija alete viwili vitatu na aangalie saizi iloandikwa kwenye mpira, si jina la maski tu. Wakati unangoja, uoshe kila asubuhi kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, uuanike kivulini. Na uso wako uuoshe kabla ya kulala, usipake kitu. Nimewahi kukaa na mgonjwa saa nzima tunatafuta uvujaji, mwisho akanambia kila usiku anajipaka mafuta ya nazi, mazuri yale ya nyumbani, maski ilikuwa inaserereka kama samaki.

Na mikanda ilegeze. Najua inaonekana kinyume, inavuja halafu nilegeze, lakini mpira ule umetengenezwa ujae hewa kidogo ndo ufunge, ukiubana sana unakunjika na unavuja zaidi, ndo maana umepata alama usoni na msono juu. Fanya hivi: lala chali kitandani, washa mashine iwe inapuliza kwa nguvu yake ya usiku si ile ya mwanzo, ivute maski mbele kidogo iachie uso halafu iirudishe taratibu, kisha kaza mkanda mmoja mmoja mpaka uvujaji ukate, hapo hapo simama. Halafu geuka ubavu uone kama imehama. Paipu pia, ukilala ndani ya chandarua angalia isije ikanasa kwenye ukingo ikawa inaivuta maski kila ukijigeuza, ipitishe juu ya kichwa.

Sasa mdomo mkavu. Huu ndo ushahidi wa pili, na kwangu mimi ndo mkubwa kuliko ndevu. Maski ya pua inataka mdomo ufungwe, ukiufungua ile hewa yote ilokuwa ilijaze tanga inatoka mlangoni, koo linabaki tupu na linakoroma, na mashine yenyewe inachanganyikiwa maana uvujaji ukiwa mkubwa haisikii vizuri pumzi zako. Kwa nini uufungue sasa na Januari hukuufungua? Kwa sababu pua imeziba. Masika yameingia, ukuta una unyevu na ukungu, madirisha yamefungwa kwa mvua, na kama mto wako wa usufi wa zamani ndo umeshika vumbi na unyevu kila usiku umeulalia. Tena hapa kwetu kuna jambo la udi na ubani, nalisema kwa adabu maana nami nyumbani kwangu hufukizwa, lakini ukifukiza chumba cha kulala magharibi halafu saa nne unawasha mashine, moshi ule unavutwa na feni unaletwa puani moja kwa moja, na filta inakuwa nyeusi. Fukizeni ukumbini, au nguo peke yake.

Kwahio tibu pua kwanza. Osha kwa maji ya chumvi asubuhi na kabla ya kulala, na maji yawe yamechemshwa yakapoa, si ya mfereji, si ya kisima. Utanambia mbona nnatia udhu mara tano na maji napandisha puani, ni vizuri lakini yale ni kidogo na hayafiki ndani, huku tunaosha mpaka nyuma. Ikiwa pua inaziba kwa mzio kila masika, ipo dawa ya kupuliza ya steroidi, daktari au mfamasia akupe, inafanya kazi kwa kuitumia kila siku wiki kadhaa, usipulize siku mbili ukasema haifai. Zile za matone zinazofungua pua dakika ile ile usizitumie zaidi ya siku tatu mpaka tano, zinakuja kuiziba pua vibaya kuliko mwanzo. Na piriton, vile vidonge vya mzio, za usiku ninaomba upunguze, na valium, ile dawa ya kutuliza, kabisa usiguse bila ya daktari, zinakulaza fofofo na koo linalegea zaidi.

Kuna mkanda wa kufunga kidevu, wengine unawasaidia wengine hapana, bei yake si kubwa, jaribu baada ya pua kufunguka. Kuziba mdomo kwa plasta kama wanavoonesha mitandaoni sikushauri, pua ikiziba usiku au ukatapika, au umeme ukakatika na feni ikasimama, unataka mdomo wako uwe huru.

Nije kwenye presha, nakusudia presha ya hewa si ya damu. Mashine yako imeachiwa 4 mpaka 20, hiyo ndo namna inavotoka kiwandani, maana yake hakuna alieipanga kwa ajili yako. Mashine za kujipandisha zinafanya kazi hivi, zinasikia mtetemo wa msono au pumzi kupungua, zinapanda kidogo, zinasubiri, zinapanda tena. Ikianzia 4, ambayo kwa mtu mzima wa mara 38 ni upepo mdogo mno, kila mara inakufukuza nyuma, wewe unakoroma yeye anapanda, anapofika umeshageuka. Halafu juu yake umetia dakika 45 za kuanza polepole. Kama wewe unashikwa na usingizi dakika 10, basi nusu saa na zaidi unalala kwenye presha ya chini kabisa, na ukiamka kwenda chooni au kwa alfajiri ukaizima ukaiwasha, zinaanza upya dakika 45 nyengine. Mke wako akija kuchukua nguo wakati huo atasikia tu.

Hizo dakika 45 unaweza kuzipunguza mwenyewe, kwa kawaida zipo kwenye menyu ya mtumiaji, weka 10 au 15. Lakini ile presha ya chini na ya juu usiguse peke yako. Si kwamba nakuficha siri, najua video zipo za kuonesha menyu ya ndani inafunguliwa vipi. Ni kwamba ukipandisha wakati maski inavuja, utavuja zaidi, utaamka na tumbo limejaa upepo, na kuna watu wakipandishiwa sana ubongo wenyewe unaacha kutoa amri ya kuvuta pumzi kwa muda, koo liko wazi lakini hawapumui, na hapo kuongeza presha ni kuongeza ugonjwa. Mwandikie daktari aliekupima kule India au mpelekee mtaalamu yeyote wa usingizi rikodi za mashine, mwambie namba ninayopata ni hii, usiku mwingi mashine inafika presha kiasi gani, tafadhali nipangie ya chini inayonifaa. Kazi ya dakika tano kwake. Na muulize kama umewekewa ule unafuu wa kupunguza presha wakati wa kutoa pumzi, ni raha lakini kwa baadhi ya watu unarudisha msono.

Hizo namba utazipata kwenye skrini asubuhi. Ilokuwa imeandikwa AHI ni mara ngapi kwa saa pumzi zimekatika au kupungua, ilokuwa 38 siku ile ya India, tunataka iwe chini ya 5. Ya uvujaji nyengine zinaonesha uso wa kucheka au wa kununa, mashine za kampuni ya ResMed mpaka lita 24 kwa dakika zinahesabu ni sawa. Ukiona uso umenuna usiiamini sana hiyo AHI hata ikiwa nzuri. Ila uvujaji ukiwa mdogo na AHI iko 2 au 3 na mchana uko macho, basi msono mdogo uliobaki ni kero ya bi mkubwa tu, moyo wako na ubongo wako haviko khatarini, tunaurekebisha bila pupa.

Kwa kuwa mashine imetumika, angalia jambo moja. Juni 2021 kampuni ya Philips iliita mashine zake nyingi za zamani zirudishwe kwa sababu sponji ya ndani ya kuzuia kelele ilikuwa inavunjikavunjika. Ikiwa yako ni ya Philips ya kabla ya hapo, soma namba yake ya nyuma mwambie shemegi aihakikishe, na ukiona chembe nyeusi kwenye paipu zungumza na daktari wako haraka akutafutie nyengine. Usiiwache tu ukalala bure bila ya kumuuliza, kwa mtu wa 38 kulala bila mashine nako kuna khatari zake.

Umeme nao tusiusahau. Ukikatika saa nane usiku feni inasimama, huwezi kufa kwa kukosa hewa kwenye maski maana ina vitundu vyake, lakini unakoroma kama zamani, na umeme ukirudi si mashine zote zinajiwasha. Kabla ya kulaumu mashine mwulize mke wako, umeme usiku ule ulikuwepo? Ukipata betri ya akiba, zima kitanki cha kupasha maji, hicho ndo kinachokula umeme kuliko feni.

Kulala chali pia kunaangusha ulimi nyuma. Jamaa mmoja alishona mfuko mgongoni mwa fulana akatia ndimu mbili, kila akilala chali zinamwamsha, alinambia wiki tatu tu akazoea ubavu. Na kama uzito umepanda baada ya futari za Ramadhani, kilo hizo zinakaa shingoni pia.

Sasa lini uje mwenyewe na tusiandikiane tena. Kama umesinzia kwenye usukani hata mara moja, acha kuendesha na uje. Mke wako akiona pumzi inakatika na maski ikiwa imekaa vizuri. Kichwa kinauma kila asubuhi, miguu inavimba, presha ya damu haishuki na dawa unakunywa. Pua inayoziba upande mmoja miaka yote, hiyo nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo, pengine ukuta wa kati umepinda au kuna nyama, na hapo hakuna maski itakayokufaa mpaka pua itengenezwe. Maumivu ya kifua, midomo kuwa ya buluu au mtu kuamka amechanganyikiwa, hayo ya hospitali saa ile ile, usingoje boti ya asubuhi kuja Unguja.

Kama hakuna hayo basi jipe siku 10. Tatu za mwanzo pua, masharubu, kuosha mpira na kulegeza mikanda, usibadilishe jengine. Halafu punguza zile dakika 45. Andika AHI na uvujaji kila asubuhi kwenye daftari. Ikiwa mdomo umeacha kukauka na msono upo bado, hapo sasa ni presha, mpelekee daktari namba zako na ile kadi ndogo ya ndani ya mashine. Ukija kwangu njoo na mashine yenyewe na maski usoni ulivoizoea, sio kwenye boksi.

Na mama watoto mbembeleze arudi chumbani japo usiku wa kwanza na wa nne, maana kile kidole cha kubonyeza maski saa nane za usiku wewe mwenyewe huwezi, umelala.